Msomaji Kama Mtazamaji: Kudumu kwa Jumuiya ya Mashabiki wa Riwaya za The Hunger Games

1.0 Utangulizi

Riwaya nyingi za vijana huvuma kwa msimu mmoja kisha husahaulika. Huchapishwa, husomwa, hutengenezewa filamu, na wasomaji wake wakishakua huziacha rafuni pamoja na madaftari ya shule. Kati ya mwaka 2008 na 2015 soko la vitabu la Marekani lilifurika riwaya za distopia, yaani kazi zinazosawiri jamii ya baadaye iliyoharibika na kutawaliwa kwa mabavu. Wasomaji wa Kiswahili hawakuwa wageni wa mkondo huo, kwa kuwa riwaya kama Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ilishauchora ulimwengu uliovunjika kabla ya wimbi hilo. Hata hivyo, huko Marekani wimbi lilikuwa la kibiashara zaidi, na lilipokwenda lilikwenda na kazi nyingi. The Maze Runner ya James Dashner (2009) na Divergent ya Veronica Roth (2011) zilipata wasomaji wengi na filamu za fedha nyingi. Lakini mfululizo wa filamu za Divergent ulikatizwa baada ya filamu ya tatu ya mwaka 2016, kabla hadithi haijafika mwisho wake.

The Hunger Games ya Suzanne Collins haikupatwa na hali hiyo. Riwaya ya kwanza ilitoka Septemba 2008, ikafuatwa na Catching Fire (2009) na Mockingjay (2010). Filamu nne zilizotokana na riwaya hizo tatu zilioneshwa kati ya mwaka 2012 na 2015. Baada ya hapo kilifuata kimya cha miaka takribani mitano, ambacho kwa kawaida hutosha kuimaliza jumuiya ya wasomaji vijana. Jumuiya hii haikumalizika. Riwaya ya nne, The Ballad of Songbirds and Snakes, ilitoka Mei 2020, na ya tano, Sunrise on the Reaping, ilipotoka Machi 2025 iliuza zaidi ya nakala milioni 1.5 za Kiingereza katika wiki yake ya kwanza. Miongoni mwa walioinunua walikuwamo watu waliosoma riwaya ya kwanza wakiwa darasani, na wengine ambao mwaka 2008 walikuwa hawajazaliwa.

Maelezo ya kawaida kuhusu hali hii hutaja matangazo, waigizaji maarufu na watu wazima kuukumbuka ujana wao. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi, kwani Divergent nayo ilikuwa na matangazo na waigizaji. Makala haya yanaeleza sababu nyingine, iliyomo ndani ya matini yenyewe: riwaya za Collins zinamweka msomaji katika nafasi ya mtu anayelaumiwa na hadithi. Anayelaumiwa ni mtazamaji, yule anayeketi na kufurahia mateso ya wengine yakioneshwa kama burudani. Shabiki ni mtazamaji kwa maana hiyohiyo. Jinsi ya kuipenda hadithi inayoshutumu mapenzi ya namna hiyo ni swali ambalo jumuiya haijawahi kulimaliza, na ubishi juu yake ndio uliowaweka pamoja.

2.0 Hadithi Inayomtuhumu Msomaji Wake

Panem ni nchi ya kubuni iliyosimama juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji wake mkuu, Capitol, huishi kwa anasa, na wilaya 12 huulisha na kuuvisha. Wilaya hizo ziliwahi kuasi zikashindwa. Kama adhabu, kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa umri kati ya miaka 12 na 18. Vijana hao 24 hutiwa katika uwanja uliojaa kamera zilizofichwa, huuana mpaka abaki mmoja, na nchi nzima hulazimika kutazama. Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16 kutoka Wilaya ya 12 yenye migodi ya makaa ya mawe, anajitolea aende badala ya Prim, mdogo wake.

Jina la nchi hiyo limetoka katika maneno ya Kilatini ya mshairi wa Roma, Juvenal, aliyewashutumu raia wenzake kwamba waliacha mambo ya utawala wakaridhika na mkate na michezo. Collins amesimulia mara kadhaa kwamba wazo lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha chaneli za televisheni. Katika chaneli moja vijana walikuwa wakishindana katika kipindi cha burudani, katika nyingine zilioneshwa picha za vita vya Iraki, na katika uchovu wake picha hizo mbili zikaanza kuchanganyika. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga la Marekani aliyepigana Vietnam. Mwandishi huyo, kwa hiyo, alikulia katika nyumba ambamo habari za vita zilizooneshwa sebuleni zilimhusu mtu wa familia. Aliongeza kisasa cha Kiyunani cha Theseus, ambamo mji wa Athens ulipeleka vijana wake Krete waliwe na Minotaur.

Kinachofanya wasomaji waichambue Panem kwa miaka mingi ni kwamba ukatili wake una hesabu. Jina la mtoto huingizwa katika kura mara moja akifika miaka 12, mara mbili akifika 13, na kuendelea hadi mara saba akiwa na miaka 18. Hiyo ni sheria ya wote. Lakini mtoto maskini anaweza kuongeza jina lake ili apewe mgawo mdogo wa nafaka na mafuta kwa mwaka mzima, na anaweza kufanya hivyo kwa ajili ya kila mtu wa familia yake. Katniss ana familia ya watu watatu na amechukua mgawo huo kila mwaka tangu alipofika miaka 12, hivyo jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na familia ya watu watano, jina lake limo mara 42. Prim ana karatasi moja tu, na ndiyo inayotoka. Mashabiki wamezirudia hesabu hizi mara nyingi, wakizipanua kwa wilaya nyingine na familia nyingine. Wanachokipata daima ni kilekile: kura inayodaiwa kuwa ya haki imepangwa ili njaa imsogeze maskini karibu na kifo, na mwenye mtoto wa karatasi saba ajione ana nafuu kuliko jirani yake.

Usimulizi nao una sehemu yake. Katniss anasimulia kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo, kwa hiyo msomaji hana uhakika wa lolote litakalofuata, na kila sura hukatika mahali pa hatari. Msomaji hufungua ukurasa unaofuata ili ajue nani atakufa na kwa namna gani. Hiyo ndiyo hamu ya raia wa Capitol walioweka dau zao. Collins haisemi tuhuma hiyo waziwazi. Anaiacha ikae katika mkono unaofunua kurasa. Wapo waliodai kuwa wazo hilo liliibwa kutoka Battle Royale, riwaya ya Kijapani ya Koushun Takami ya mwaka 1999, na mwandishi amejibu kwamba hakuwa ameisikia kazi hiyo hadi alipokuwa amekwisha kukabidhi mswada wake. Ubishi huo umechukua wino mwingi kuliko thamani yake. Tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili ni kwamba kwa Collins televisheni ndiyo nguzo ya hadithi, na bila mtazamaji hakuna mchezo.

3.0 Mashabiki Kama Watunzi

Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mashabiki wa televisheni, aliwafananisha mashabiki na wawindaji haramu: huingia katika shamba la mwandishi, huchukua wanachokitaka, na hutengeneza chakula chao wenyewe. Katika jumuiya ya The Hunger Games uwindaji huo ulianza mapema, kabla ya filamu. Maelfu ya hadithi zilizotungwa na mashabiki zimehifadhiwa katika maktaba huru za mtandaoni, hasa Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009 na ambayo mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo. Nyingi ni hadithi za mapenzi ya Katniss na Peeta Mellark, ambayo mashabiki huyaita Everlark kwa kuunganisha majina ya ukoo ya wapenzi hao. Nyingine hujaza mapengo: utoto wa Haymitch, maisha ya Finnick, miaka iliyofuata vita.

Mazoea haya hayamshangazi mtu aliyekulia katika ushairi wa Kiswahili, ambamo shairi zuri huita jibu, na jibu huvaa vina na mizani vya shairi lililotangulia ili lipate haki ya kulipinga. Shabiki naye hujibu kwa kuvaa nguo za matini. Huchukua majina, mahali na sheria za Panem, kisha husema jambo ambalo Collins hakulisema.

Aina moja ya utunzi huo inastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa haipatikani kwa urahisi katika jumuiya nyingine. Mtunzi hutangaza kwamba ataandika Michezo mipya, kwa mfano ya mwaka ambao riwaya hazikuusimulia, na huwaalika wasomaji wamletee washiriki. Kila msomaji hubuni kijana mmoja: jina, umri, wilaya, sura, familia, hofu zake, kitu anachokibeba kutoka nyumbani. Wakishatimia 24, mtunzi huanza kuandika. Katika sura za mwanzo wasomaji hufurahia kuwaona watoto wao wa kubuni wakiagana na wazazi, wakipanda treni na kuhojiwa jukwaani. Kisha Michezo huanza, na kila baada ya sura moja au mbili msomaji mmoja hushuhudia aliyembuni akiuawa. Katika baadhi ya hadithi hizo wasomaji hupewa pointi wanazoweza kuzitumia kumpelekea mshiriki dawa au chakula, kama wafadhili matajiri wa Capitol wanavyofanya katika riwaya.

Mtu wa nje anaweza kusema kwamba vijana hao hawakuielewa riwaya hata kidogo, kwa kuwa wameujenga upya uwanja uleule uliolaaniwa. Tuhuma hiyo husikika pia ndani ya jumuiya. Lakini ukiutazama utaratibu wenyewe unaona jambo jingine. Anayeleta mshiriki anajua kwamba uwezekano wa kumpoteza ni 23 kati ya 24, na bado anampa mdogo wake, wimbo anaoupenda na kovu la utotoni. Michezo ya Capitol hufaulu kwa kumfanya mshiriki kuwa sura ya kutazamwa. Hadithi hizi humtaka kila msomaji awe mzazi wa angalau mshiriki mmoja. Kifo cha ukurasa wa 200 hakiwi tena namba katika orodha. Hata hivyo, yule mwenye pointi anaonja pia utamu wa mfadhili, kuamua kwa mbali nani apate maji na nani asipate, na mashabiki wengi wanaujua utamu huo kuwa si safi. Vyote viwili vimo katika tendo moja, na wanaolitenda hawajafanikiwa kuvitenganisha.

4.0 Kifo cha Rue

Machi 2012 filamu ya kwanza ilipooneshwa, jumuiya ilijitazama katika kioo ambacho haikukitarajia. Rue ni msichana wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11 anayeshirikiana na Katniss uwanjani kisha kuuawa. Anamkumbusha Katniss mdogo wake, Prim, kwa umbo na mwenendo. Riwaya inasema wazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokoza, na inasema hivyohivyo kuhusu Thresh, mvulana wa wilaya hiyo. Filamu ilimpa Amandla Stenberg nafasi ya Rue, na nafasi ya Thresh ikaenda kwa Dayo Okeniyi, mwigizaji aliyezaliwa Jos, Nigeria, ambaye mama yake ni Mkenya.

Baadhi ya watazamaji waliojiita mashabiki waliandika katika Twitter kwamba wamekerwa kuona Rue ni mweusi. Wengine walidai filamu imekisaliti kitabu. Wengine walikiri kwamba kifo chake hakikuwahuzunisha kama kilivyowahuzunisha walipokisoma. Kauli hii ya mwisho ndiyo nzito zaidi, kwa sababu ilikuwa ya kweli kwa namna ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Walikuwa wamemlilia mtoto waliyemchora wenyewe vichwani mwao, na machozi yao yalikuwa na masharti. Shabiki mwingine alizikusanya kauli hizo hadharani pamoja na maneno ya riwaya yenyewe ili kila mtu aone kwamba kosa lilikuwa la kusoma.

Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama aibu ya jumuiya, na ni aibu. Lakini lilibadilisha namna riwaya inavyosomwa. Wasomaji walianza kurudi katika matini kwa uangalifu mpya. Waliuliza kwa nini tangazo la kumtafuta mwigizaji wa Katniss lilitaka wasichana weupe pekee, ilhali kitabu kinamweleza kuwa na ngozi ya rangi ya zeituni na nywele nyeusi kama watu wengine wa mtaa wake wa wachimba migodi. Waliuliza kwa nini Wilaya ya 11, yenye mashamba makubwa, uzio mrefu na walinzi wenye mijeledi, imewekwa na mwandishi mahali panapokumbusha Kusini mwa Marekani ya enzi za utumwa. Wachoraji mashabiki walianza kumchora Katniss kama kitabu kinavyomweleza. Kizazi cha mashabiki kilichoingia baada ya mwaka 2020 kimeyakuta maswali haya tayari yapo, na wengi wao huijua habari ya Rue na watazamaji wake kama sehemu ya kuijua hadithi.

5.0 Vipodozi vya Capitol

Studio ya Lionsgate ilikuwa na kazi ngumu. Ilitakiwa kuuza kwa kelele hadithi inayoshutumu kelele za kuuza. Ilichagua kuwauzia mashabiki Capitol yenyewe. Katika matangazo ya filamu ya kwanza mashabiki walipewa vitambulisho vya wilaya kana kwamba ni raia wa Panem. Kwa filamu ya pili, mwaka 2013, kampuni ya CoverGirl ilitoa vipodozi vilivyopewa jina la Capitol, kila wilaya na rangi zake, na mikahawa ya Subway ikauza mikate kwa jina la hadithi kuhusu njaa. Haijulikani kwa urahisi kama waliopanga matangazo hayo walikuwa wakitania au la, na huenda jambo hilo halina umuhimu. Watu walinunua.

Baadhi ya mashabiki walikataa. Harry Potter Alliance, asasi ya mashabiki iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa lengo la kugeuza mapenzi ya hadithi kuwa kazi za kijamii, ilikuwa imeshirikiana na Oxfam mwaka 2012 katika kampeni kuhusu njaa duniani iliyotumia jina la riwaya. Studio ilidai kampeni hiyo iondolewe. Mashabiki walilalamika kwa sauti kubwa, na dai likaachwa. Mwaka uliofuata, vipodozi vilipotoka, asasi hiyo iliwataka mashabiki wapige picha wakiwa wameinua vidole vitatu na kueleza ukosefu wa usawa wa kiuchumi walioushuhudia katika maisha yao. Waliojitokeza walizungumzia mishahara isiyotosha, bili za hospitali na mikopo ya masomo.

Mkataa-vipodozi na mnunua-vipodozi mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Wasichana waliojifunza kupiga upinde baada ya filamu, nao walikuwa wengi, walinunua pinde zenye alama ya filamu. Wanaofunga safari hadi Henry River, kijiji cha kiwanda cha nguo kilichohamwa huko North Carolina ambacho kilitumika kama Wilaya ya 12, hupiga picha mbele ya nyumba ambamo vibarua halisi wa kiwanda waliishi. Jumuiya haina kundi safi na kundi chafu.

6.0 Vidole Vitatu

Katika riwaya, watu wa Wilaya ya 12 hugusa midomo yao kwa vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kushoto kisha huvinyoosha kumwelekea mtu. Ni ishara ya zamani, ya mazishini zaidi kuliko ya vita, inayobeba shukrani, heshima na kumuaga mpendwa. Inakuwa ya kisiasa kwa sababu dola inaiogopa. Katika Catching Fire mzee mmoja wa Wilaya ya 11 anapiga mluzi wa Rue mbele ya Katniss, umati unainua vidole, na mzee huyo anauawa hapohapo.

Mei 22, 2014 jeshi la Thailand likiongozwa na Jenerali Prayuth Chan-ocha lilichukua madaraka. Mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi ilipigwa marufuku. Mwanzoni mwa Juni, watu wachache walianza kusimama katika maeneo ya umma ya Bangkok wakiinua vidole vitatu, na wengine walieleza kwamba maana yake ni uhuru, usawa na udugu. Watawala walionya kwamba wanaofanya hivyo wanaweza kukamatwa. Novemba mwaka huohuo, wanafunzi watano walisimama na kuinua vidole mbele ya Prayuth alipokuwa akihutubia Khon Kaen, wakashikiliwa. Siku iliyofuata filamu ya Mockingjay ilifunguliwa. Kampuni moja ya majumba ya sinema ya Bangkok iliiondoa katika ratiba yake, na wanafunzi wengine wakakamatwa karibu na sinema.

Hapa jumuiya ya mashabiki ilifika mahali ambapo haijawahi kuelekezwa na mtu yeyote. Walioinua vidole Bangkok hawakuwa wote mashabiki. Wengine walikuwa wameiona filamu mara moja, na wengine waliijifunza ishara kwa wenzao. Walichokichukua kilikuwa kitu chepesi kubeba, kisichohitaji bango wala kelele, na ambacho askari akikikamata hujifanya mwenyewe kuwa mtu wa Capitol. Mwaka 2020 wanafunzi wa sekondari wa Thailand waliinua vidole hivyo wakati wa wimbo wa taifa, utepe mweupe ukiwa umefungwa katika mikoba yao. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 1, 2021 nchini Myanmar, wauguzi na madaktari waliogoma walipiga picha wakiwa na mavazi ya kazi na vidole vitatu juu. Februari 26, balozi wa Myanmar katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, alimaliza hotuba yake mbele ya Baraza Kuu kwa kuinua vidole hivyo. Utawala wa kijeshi ulitangaza kumfukuza kazi siku iliyofuata. Katika mitaa ya Yangon na Mandalay watu waliouawa na risasi walizikwa na wenzao wakiwa wameinua mikono, na ishara ikarudi kuwa ya mazishi kama ilivyokuwa katika kitabu.

Mashabiki wa Marekani na Uingereza walizipokea picha hizi kwa hisia mbili zilizogongana. Wapo waliojivuna. Wapo pia walioandika kwamba kushangilia picha ya kijana anayeburutwa na askari, kwa sababu tu amefanya ishara ya filamu uipendayo, ni kufanya kilekile ambacho raia wa Capitol alikifanya mbele ya runinga yake. Ubishi huo ulikuwa mkali, na haukuwa wa kifasihi tu, kwani kulikuwa na watu gerezani.

7.0 Kanda Iliyokatwa

Januari 2020 ilipojulikana kwamba mhusika mkuu wa riwaya ya nne ni Coriolanus Snow akiwa na miaka 18, yule atakayekuwa dikteta, mashabiki wengi walikasirika. Walikuwa wameomba kisa cha Haymitch wakapewa ujana wa mtesi. Filamu yake ilipotoka Novemba 2023, Snow akiigizwa na Tom Blyth, hasira iligeuka. Vijana walijaza TikTok kwa video za kumsifu kijana huyo mwenye nywele za dhahabu, na wenzao wakawajibu kwamba wamenaswa: riwaya imeandikwa kuonesha jinsi uzuri na huzuni ya mtu vinavyoweza kumfanya mtazamaji amsamehe hatua kwa hatua mpaka akafika mauaji. Mei 2024, video za wageni wa tamasha la mavazi la Met Gala huko New York ziliwekwa bega kwa bega na picha za Capitol, na safari hii hata watu wasiosoma vitabu vya Collins waliulewa mlinganisho bila kuelezwa.

Kisha Haymitch akaja. Katika Catching Fire Katniss na Peeta wanatazama kanda ya Michezo ya 50, ambayo Haymitch alishinda miaka 25 kabla yao, mwaka ambao kila wilaya ilitoa vijana wanne badala ya wawili. Wanaona kijana mjanja, mwenye kiburi, anayejipigania na kushinda kwa kuutumia ukingo wa uwanja unaorudisha kila kitu kinachorushwa. Kwa miaka 16 jumuiya iliisoma kurasa hizo chache kama ukweli. Hadithi za mashabiki zilijengwa juu yake, michoro ikachorwa, na tabia ya Haymitch ikaelezwa kwa ushahidi wake.

Sunrise on the Reaping inaonesha kwamba kanda ilikatwa. Haymitch alikuwa na wenzake, alikula njama ya kuuharibu uwanja, alitenda mambo ambayo Capitol haikuweza kuyaruhusu yaonekane, na wahariri wakayapanga upya matukio mpaka akabaki mhuni. Collins amesema kwamba riwaya hiyo ilichochewa na fikra za mwanafalsafa David Hume kuhusu wengi wanavyotawaliwa kwa urahisi na wachache, na dhamira ya propaganda imo katika kila sura. Hakuna aliyelazimika kudanganywa upya. Kurasa za mwaka 2009 hazikubadilishwa hata neno moja. Zilisema tangu mwanzo kwamba kilichotazamwa ni kanda ya Capitol, iliyotengenezwa na Capitol, na wasomaji waliojifunza kwa vitabu vitatu kutoiamini Capitol waliiamini kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri.

Katika majuma yaliyofuata Machi 2025, mashabiki walirudi kwa wingi katika kurasa hizo wakiwa na vitabu viwili mkononi, wakipanga tukio kwa tukio kilichooneshwa na kilichotokea, nani alikatwa, wapi mwendo wa jua haulingani, kifo kipi kilihamishwa. Hadithi za zamani za Haymitch bado zipo katika hifadhi zao. Baadhi ya watunzi wake wameongeza maelezo mafupi juu ya ukurasa wa kwanza, wakimjulisha msomaji kwamba kilichomo kiliandikwa na mtu aliyekuwa ametazama kanda tu.